Vita Viliacha Nini Chini ya Ardhi na Maji? Masalio ya Kijeshi Kigoma na Tabora

Meli ya MV Liemba, ambayo wakazi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika wameizoea kama chombo cha kuwafikisha Karema, Kipili, Kasanga na hatimaye Mpulungu nchini Zambia, ni chombo cha kivita kilichozamishwa, kikalala majini karibu miaka minane, kisha kikaopolewa na kurudishwa kazini. Iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer kilichopo Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam na kupakiwa kwenye reli ya kati, ambayo ilifika Kigoma mwezi Februari 1914. Iliteremshwa ziwani tarehe 5 Februari 1915, wakati Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vimekwisha kuwaka, na ikafungwa mizinga.

Kwa kuwa kisa hiki ni cha kweli, na ushahidi wake unaonekana kwa macho bandarini, kimezaa hoja ambayo husikika sana Kigoma na Tabora: kwamba ikiwa Mjerumani aliweza kuficha meli nzima majini akitumaini kurudi, basi hakukosa kuficha dhahabu, rupia na shehena za bunduki ardhini. Hoja hiyo ndiyo inayowafanya watu wachimbe usiku kando ya majengo ya zamani, wanunue ramani zisizo na mwenyewe, na wakati mwingine wagonge nyundo vyuma ambavyo havikupaswa kuguswa. Kasoro yake haipo katika historia ya Liemba bali katika kuchanganya vitu ambavyo viliachwa kwa sababu tofauti kabisa. Kwa nini kitu kiliachwa ndilo swali la msingi katika jambo hili zima, kwa maana jibu lake ndilo linaloeleza kama kitu hicho bado kipo, kitakuwa katika hali gani, ni mali ya nani, na kama kinaweza kuguswa bila kuua mtu.

Kilichofichwa na kilichotupwa

Graf von Götzen ni mfano wa nadra wa kitu kilichofichwa kwa nia ya kurudiwa. Mwezi Julai 1916, majeshi ya Ubelgiji yakiwa yanakaribia Kigoma, kamanda wa Kijerumani ziwani, Gustav Zimmer, aliamuru meli izamishwe. Kazi hiyo waliachiwa mafundi wa kiwanda cha Meyer, akiwamo Anton Rüter, waliokuja na masanduku yale kutoka Papenburg na kuiunganisha meli kwa mikono yao. Walipaka injini grisi nzito, wakaijaza meli mchanga, na tarehe 26 Julai 1916 wakaizamisha katika kina cha mita zipatazo 20, karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Hawakuilipua. Mtu anayeharibu chombo ili adui asikipate hulipua injini kwanza. Mafundi hawa walifanya kinyume chake, na grisi ile ndiyo ushahidi wa nia yao.

Mambo mawili zaidi yaliwasaidia bila wao kuyapanga. La kwanza ni maji: Ziwa Tanganyika ni la maji baridi, na chuma kilichozama katika maji yasiyo na chumvi huliwa na kutu polepole sana kuliko kilichozama baharini. La pili ni kina. Ziwa hili, ambalo sehemu yake ya ndani kabisa inafikia mita zipatazo 1,470, lingeweza kuimeza meli ile isionekane tena, kama lilivyoimeza Hedwig von Wissmann, meli nyingine ya Kijerumani iliyozamishwa na boti za Waingereza tarehe 9 Februari 1916. Mita 20 ni kina ambacho mzamiaji wa miaka ile, mwenye kofia ya shaba na mpira wa hewa kutoka juu, aliweza kukifanyia kazi. Kuopoa meli hakuhitaji kuinyanyua kwa nguvu kama ndoo ya kisimani; huanza kwa kuondoa mchanga na tope lililoijaza, kuziba matundu yake, kisha kutoa maji ndani yake hadi ielee yenyewe, na kila hatua kati ya hizo inahitaji mtu anayeweza kukaa chini kwa muda wa kutosha.

Waingereza, waliokabidhiwa Kigoma na Wabelgiji mwaka 1921, waliiopoa tarehe 16 Machi 1924 na kukuta kwamba injini na mabwela yake vinaweza kutengenezeka. Tarehe 16 Mei 1927 ilianza safari tena kwa jina la Liemba. Mtu anayetaka kuitumia meli hii kama kipimo cha mambo mengine yaliyofichwa anapaswa kukumbuka kwamba mahali ilipozama palijulikana, kwamba waliokuja kuitafuta walikuwa serikali yenye fedha na wazamiaji, na kwamba iliopolewa ndani ya miaka minane. Haikusubiri karne nzima.

Kutupa ni jambo jingine kabisa. Majeshi hutupa vitu vizima, wakati mwingine vipya, kwa sababu ambazo mtu wa kawaida huziona kama wendawazimu hadi apige hesabu. Mwisho wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wamarekani waliokuwa katika kisiwa cha Espiritu Santo, ambacho leo ni sehemu ya Vanuatu, walisukumia baharini malori, matingatinga na vifaa vingine vingi, na mahali hapo pakapewa jina la Million Dollar Point. Kuvirudisha Marekani kungegharimu kuliko thamani yake, viwanda vya nyumbani havikutaka soko lijae bidhaa rahisi za jeshi, na watawala wa Kiingereza na Kifaransa wa visiwa vile hawakufikia bei, pengine wakitumaini kuachiwa bure. Jeshi lenye ushindi na vitu tele ndilo linalotupa namna hii. Jeshi linaloshindwa likiwa limezingirwa halina anasa hiyo, na hapo ndipo simulizi la hazina ya Mjerumani linapoanza kuyumba.

Jeshi lisilokuwa na cha kubakiza

Tangu mwaka 1914 pwani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ilizingirwa na manowari za Uingereza, na meli mbili tu za shehena zilifanikiwa kupenya kuleta silaha. Ya kwanza, Rubens, ilishambuliwa mwezi Aprili 1915 katika ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, na manowari HMS Hyacinth, ikaungua na kuzama mahali pasipo na kina kirefu. Waingereza walidhani wameimaliza. Wajerumani walipeleka wazamiaji, wakatoa sehemu kubwa ya shehena, kisha wakakaa kufungua risasi zilizolowa maji ya chumvi, kukausha baruti yake na kuziunganisha upya.

Manowari SMS Königsberg, iliyozamishwa katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, ilivuliwa mizinga yake yote 10 yenye mdomo wa milimita 105. Mizinga hiyo ilipelekwa Dar es Salaam, ikaundiwa magurudumu katika karakana, na kugawanywa kwenye medani za nchi kavu. Mmoja ulipanda reli hadi Kigoma na kufungwa juu ya Graf von Götzen. Jambo ambalo wasimulizi wengi hulisahau ni kwamba mzinga huo uliondolewa mapema, kwa sababu ulihitajika kwingine, kabla meli haijazamishwa. Kilichoshushwa majini ni kile tu ambacho hakikuweza kubebwa. Kati ya mizinga ya Königsberg, mmoja unaonekana leo Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria, Afrika Kusini. Ilitekwa vitani na kupelekwa huko kama nyara.

Tabora inatoa ushahidi ulio wazi kuliko yote. Mwaka 1916, serikali ya Kijerumani ikiwa imehamia huko baada ya kuiona pwani haina usalama, ilikosa hata sarafu za kulipia askari na wapagazi. Karakana ya reli ikageuzwa kiwanda cha fedha. Sarafu za heller 5 na heller 20 zenye herufi T, alama ya Tabora, zilipigwa kwa shaba nyekundu na shaba ya njano iliyokusanywa popote ilipopatikana, yakiwamo maganda ya mizinga yaliyokwisha kutumika. Katika karakana hiyohiyo zilipigwa sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo na mlima nyuma yake, kwa dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke. Jeshi linalookota maganda ya risasi ili lipate senti za kulipia uji haliwezi kuwa jeshi lililozika maghala ya shaba na bunduki kwa ajili ya wajukuu wa watu wengine.

Kisha kuna suala la mabega ya watu. Tabora ilipoangukia mikononi mwa Wabelgiji wa Jenerali Charles Tombeur tarehe 19 Septemba 1916, baada ya mapigano ya Lulanguru na Itaga, vikosi vya Jenerali Kurt Wahle vilirudi nyuma kuelekea kusini-mashariki. Reli haikuwa na faida tena kwao. Kila sanduku la risasi, kila gunia la mtama na kila chuma cha mzinga kilisafiri juu ya kichwa au kamba ya mpagazi, na wapagazi, wengi wao wakiwa Wanyamwezi na Wasukuma waliokamatwa kwa nguvu, walikufa kwa njaa na maradhi kwa idadi kubwa kuliko askari waliopigana. Kuvuta mzinga mmoja wa Königsberg porini kulihitaji mamia ya watu. Katika hali hiyo kamanda alipima kila kitu kwa uzito: chenye faida kilibebwa, kisichobebeka kilivunjwa au kulipuliwa, na kilichosahaulika njiani kilikuwa buli, kiatu, chupa, ganda la risasi na kaburi la mpagazi asiyeandikwa jina popote. Hayo ndiyo masalio halisi ya vita ile katika nchi ya Unyamwezi, na kwa maoni yangu yana thamani kwa mwanahistoria kuliko dhahabu inayosakwa.

Dhahabu na mashine za kuiona

Hata hivyo dhahabu ilikuwepo, na ni haki kuitolea hesabu. Sarafu za rupia 15 zilizopigwa Tabora zilikuwa 16,198. Kila moja ina uzito wa gramu 7.168, na robo tatu yake tu ndiyo dhahabu halisi. Ukizidisha utapata takribani kilo 116 za sarafu zote kwa pamoja, sawa na kilo 87 za dhahabu safi. Shehena yote ingebebwa na wapagazi watano. Na sarafu hizo hazikukaa ghalani: zilipigwa ili zitumike, zikaingia mifukoni mwa watu, na leo zinauzwa minadani Ulaya na Marekani kama vitu vya wakusanyaji. Inawezekana kabisa kwamba mtu mmoja alizika chungu chenye sarafu chache chini ya kizingiti cha nyumba yake, kwa sababu watu wa zama zile walihifadhi fedha hivyo. Lakini huyo alikuwa mfanyabiashara au mkulima, na kama hakufa ghafla alirudi kuchukua chake.

Wanaotafuta huongozwa na alama: mawe yaliyopangwa, nguzo ndogo za saruji zenye namba, misalaba iliyochongwa kwenye miamba. Nyingi ya alama hizo ni kazi ya wapima ardhi, Wajerumani kwanza na Waingereza baadaye, waliohitaji vituo vya kudumu kwa ajili ya reli, barabara na mipaka ya mashamba. Kuzing'oa si upumbavu tu bali ni kosa kisheria, na baada ya hapo majirani huanza ugomvi wa mipaka usiokwisha.

Baadaye huja mashine. Kifaa cha kawaida cha kugundua metali hutuma uga wa sumaku kutoka kwenye koili, uga huo unaamsha mkondo mdogo wa umeme ndani ya metali iliyo karibu, na mkondo huo hurudisha dalili inayopokelewa na kifaa. Nguvu ya dalili hupungua kwa kasi kubwa kadiri kitu kinavyokwenda chini, kiasi kwamba sarafu moja huonekana katika kina cha sentimita 20 au 30 hivi, na kitu chenye ukubwa wa pipa katika mita chache tu. Udongo mwekundu wenye changarawe za chuma, ambao mkulima yeyote wa Tabora anaufahamu, hukipigisha kifaa kelele za uongo mfululizo. Magnetometa, yaani kifaa cha kupima nguvu ya sumaku, hufika chini zaidi, lakini huhisi chuma tu. Dhahabu na shaba haizioni kabisa. Kwa hiyo muuzaji anayekuja na fimbo mbili au kisanduku chenye taa, akidai kwamba kinaonyesha dhahabu iliyo mita 10 chini na kutofautisha aina ya metali ukiwa umesimama barabarani, anauza kisichokuwepo duniani.

Wenye fedha na wataalamu pia wamewahi kudanganywa na matumaini. Mwezi Januari 2013 kundi la wachimbaji kutoka Uingereza, likiwa na mfadhili, wanaakiolojia na vifaa vya kisasa, lilichimba katika uwanja wa ndege wa Yangon, Myanmar, kutafuta ndege za kivita za Spitfire zilizosimuliwa kwamba zilizikwa zikiwa mpya ndani ya masanduku mwishoni mwa vita. David Cundall, aliyeanzisha msako huo, alikuwa amekusanya maelezo ya mashahidi kwa miaka mingi. Hawakukuta ndege hata moja, na mfadhili akajitoa. Wanaakiolojia waliohusika walifanya jambo ambalo lilipaswa kutangulia: walisoma kumbukumbu za jeshi, wakaona kwamba ndege zilizofika Burma, kama Myanmar ilivyoitwa wakati huo, baada ya vita zilihesabiwa na kuondolewa. Kumbukumbu za vita vya Afrika Mashariki nazo zipo, Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza, na majeshi huandika hata idadi ya nyumbu waliokufa.

Uongo wenye madhara makubwa kuliko wote ni ule wa zebaki nyekundu, inayodaiwa kupatikana ndani ya mabomu ya zamani na kununuliwa kwa mamilioni. Kitu hicho hakipo. Mwezi Januari 2013 nyumba ya mganga mmoja huko Chitungwiza, Zimbabwe, ililipuka na kuua watu kadhaa, na taarifa za wakati ule zilieleza kwamba walikuwa wakifungua bomu wakitafuta zebaki hiyo.

Masalio yaliyoletwa Urambo

Ajabu ni kwamba shehena kubwa ya masalio ya kijeshi iliyowahi kufika Mkoa wa Tabora haikuzikwa na Mjerumani bali iliagizwa na Mwingereza, tena wakati wa amani. Baada ya mwaka 1945 Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia, na serikali yake ikakubali mpango wa kulima karanga Tanganyika katika mamilioni ya ekari, katika maeneo matatu: Kongwa, Nachingwea na Urambo. Matrekta mapya hayakupatikana duniani. Wanunuzi wakaenda kwenye maghala ya vifaa vilivyoachwa na jeshi la Marekani huko Ufilipino na kuchukua matingatinga yaliyokuwa yamekaa kwenye mvua na hewa ya chumvi. Kampuni ya Vickers nayo ilichukua vifaru aina ya Sherman, ikavivua silaha na kuvigeuza matrekta yaliyoitwa Shervick.

Matokeo yake yanafundisha kuhusu masalio kuliko nadharia yoyote. Kabla ya mwaka 1947 kwisha, sehemu kubwa ya mitambo hiyo ilikuwa imesimama. Kifaa kilichotengenezwa kufanya kazi miezi michache vitani, kikiwa na fundi wa jeshi na ghala la vipuri nyuma yake, kililetwa porini bila vipuri, bila karakana, na kikakabidhiwa visiki vya miti ya miombo na ardhi inayokauka ikawa kama saruji. Kilichofanya kazi vizuri zaidi kilikuwa cha asili ya baharini: mnyororo wa nanga ya meli, uliofungwa kati ya matingatinga mawili na kuburuzwa ili kuangusha vichaka. Mpango ulifutwa mwaka 1951 ukiwa umemeza takribani pauni milioni 36 za walipakodi wa Uingereza, na Urambo ikahamia kwenye tumbaku.

Vyuma vya aina hiyo ndivyo vilivyolisha biashara ya vyuma chakavu kwa miongo iliyofuata. Hata mabaki ya Königsberg katika Rufiji yalikatwa na kuuzwa kati ya mwaka 1963 na 1965. Biashara hiyo ni halali na inalisha familia nyingi, lakini mizani ya mnunuzi haiulizi kitu kilikuwa nini: bamba la meli, taruma la reli lenye mwaka wa Mjerumani na kombora ambalo halijalipuka yote ni kilo tu.

Kinachobaki ni kinacholipuka

Baada ya miaka zaidi ya 100 ya kuokota, kubeba na kuuza, kitu ambacho kina uwezekano mkubwa wa kukutwa kikiwa bado ardhini ni kile ambacho hakuna aliyekitaka, yaani kombora lililofyatuliwa likaanguka bila kulipuka. Kitu hiki hakikufichwa wala hakikutupwa. Kilishindwa kufanya kazi yake, na kimekaa na kazi hiyo tangu siku hiyo.

Watu wengi huamini kwamba baruti huoza na kupoteza nguvu, na kwamba chuma kilicholiwa na kutu hakina tena madhara. Ukweli unakwenda upande mwingine. TNT, kilipuzi kinachojazwa ndani ya mabomu na makombora, hudumu miaka mingi sana ardhini bila kuyeyuka majini wala kudhoofika. Asidi ya pikriki, iliyojazwa katika makombora mengi ya enzi ya Vita Kuu ya Kwanza, ikigusana na metali kwa muda mrefu huunda chumvi zinazolipuka kwa msuguano mdogo tu. Sehemu ya hatari kuliko zote ni fyuzi, yaani kiwashio cha mlipuko: kombora linapofyatuliwa mtutuni, mtikisiko wake huondoa vizuizi vya usalama, hivyo lililoanguka bila kulipuka liko tayari kulipuka, na kilichobaki kulizuia ni pini iliyokwama au springi iliyoshika kutu. Kutu ikiendelea kuila springi hiyo, usalama unapungua mwaka hadi mwaka. Katika mashamba ya Ypres nchini Ubelgiji, ambako mamilioni ya makombora yalifyatuliwa kati ya 1914 na 1918, majembe ya trekta huyafukua hadi leo na jeshi la nchi hiyo huyakusanya kila msimu.

Tabora haikufyatuliwa makombora kwa kiwango hicho, na itakuwa kutia chumvi kusema kwamba Itaga ni Ypres nyingine. Kwa Kigoma hatari kubwa zaidi ni ya karibuni. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Burundi kuanzia 1993, na vile vya Kongo kuanzia 1996, viliwaleta wakimbizi kwa malaki katika mkoa huu, na pamoja nao, kupitia njia za porini na mitumbwi ya ziwani, zilivuka bunduki, risasi na mabomu ya kutupa kwa mkono ambayo wenyewe waliyafukia au kuyatupa walipoona hayana kazi tena. Bomu la mkono ni dogo, linafanana na kipande cha chuma, na mtoto anayeokota vyuma vya kuuza halijui. Mwezi Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani Ngara, Kagera, wilaya inayopakana na Kigoma, bomu la namna hiyo lililookotwa likidhaniwa kuwa chuma chakavu lililipuka shuleni, likaua wanafunzi 5 na kujeruhi wengine zaidi ya 40.

Uondoaji wa vitu hivi ni kazi ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania na Jeshi la Polisi, na mara nyingi kitu hulipuliwa palepale kilipo, kwa sababu kukihamisha ndiko kunakoua. Kwa maeneo mapana, nchi yetu ina mchango usiojulikana vya kutosha: shirika la APOPO, lililo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hufundisha panya buku kunusa TNT. Panya huyo ana uzito wa takribani kilo moja, hivyo hawezi kulipua bomu la ardhini kwa kulikanyaga, na hapotezi muda kwenye misumari na vizibo vya chupa kama kifaa cha kugundua metali kinavyofanya. Panya waliofundishwa Morogoro wamefanya kazi Msumbiji, Angola na Kambodia.

Ni mali ya nani

Sheria hapa ni viraka vilivyoshonwa nyakati tofauti. Katika desturi za kimataifa, chombo cha kivita hubaki mali ya nchi yake hata kikizama, isipokuwa kikitekwa au nchi hiyo ikikiachia. Silaha zilizotekwa vitani ni za dola iliyoziteka. Bunduki na risasi, ziwe za mwaka 1914 au za 1994, hapa Tanzania ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na anayezikuta hana haki ya kuziweka nyumbani kwa kisingizio cha ukale. Serikali imetangaza vipindi vya msamaha mara kadhaa ili wenye silaha wasizokuwa na kibali wazisalimishe bila kushtakiwa. Baruti ina sheria yake tangu 1963.

Penye mwanya ni kwenye vitu visivyoua. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huvihesabu kuwa masalia ya kale, kwa ujumla, vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Vya baadaye hulindwa pale tu vinapotangazwa rasmi au vikiingia katika makundi machache yaliyotajwa. Kwa hiyo sarafu iliyopigwa Tabora mwaka 1916 kwa shaba ya maganda ya mizinga, kifungo cha askari aliyekufa Itaga au taruma la reli lililotupwa havina ulinzi wa moja kwa moja, ingawa umri wao umepita karne moja. Mwaka 1863 ulikuwa na maana sheria ilipoandikwa, kwa kuwa ulitenga miaka 100 kamili na ushee; kama kipimo kingekuwa ni umri badala ya tarehe isiyosogea, mali zote za vita ile zingekuwa zimekwisha kuingia ndani yake. Nionavyo, hilo ni rekebisho dogo kwa Bunge na kubwa kwa makumbusho.

Anayekuta kitu anaweza kufuata utaratibu rahisi. Ikiwa ni chuma chenye umbo la yai, la chupa au la bomba lenye ncha, na hasa ikiwa kimo shambani au kando ya mto, akiache kama kilivyo, aweke alama ya tawi au jiwe kwa mbali, awazuie watoto, na atoe taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji, ofisa mtendaji au kituo cha polisi kilicho karibu. Asikipige picha kwa kukisogelea wala kukigeuza. Ikiwa ni sarafu, kifungo, chombo cha nyumbani au mifupa, aandike mahali hasa kilipokutwa na kina chake kabla ya kukiinua, kwa sababu ganda la risasi lenye namba ya kiwanda na mahali panapojulikana huweza kumwonyesha mtafiti kikosi kipi kilisimama pale siku ile, ilhali ganda lilelile likiwa ndani ya gunia la mnunuzi wa chakavu halimwelezi chochote.